Pakavu, Pasipo na Jua

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa na maneno manne: pakavu, pasipo na jua. Niliyasema nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa pale Katandala, mjini Sumbawanga, nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi mara mbili, na niliyasema kwa sauti ya mtu anayeisahihisha dunia. Maneno yenyewe yalikuwa sahihi. Yameandikwa kwenye boksi. Ndiyo maana hadi leo yananichoma.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya duka la dawa sasa hivi, mnaopanga rafu asubuhi na ikifika mchana mmeshajiona madaktari. Najua mtacheka kusikia mtu wa umri wangu akijiita mstaafu. Sina mvi hata moja. Lakini kazi imeniacha, na mtu aliyeachwa na kazi ana haki ya kusimulia kama mzee yeyote. Nina hasira pia. Nilidhani ingepoa nikishaondoka, haikupoa. Nyingine ni juu ya watu, nyingi ni juu yangu mwenyewe, kwa hiyo mkiona napiga kelele msidhani nawapigia ninyi tu.

Sikuanza kwa kusomea. Niliajiriwa kufagia na kupokea mizigo, mafunzo ya darasani yakaja baadaye. Nilijifunza kwa kusoma maboksi, na kamusi ya Kiingereza niliyookota ilikuwa imechanika kuanzia herufi ya T, hivyo kila neno la mwisho wa alfabeti nililibahatisha. Nilikuwa na wasiwasi wa ajabu. Nikishafunga duka na kufika nyumbani Milanzi, narudi tena Katandala kwa miguu kuangalia kama kufuli limebana. Linakuwa limebana. Nalitikisa, naondoka, nikifika njiani najiuliza kama sikulifungua kwa kulitikisa. Maboksi yangu yalitazama upande mmoja kama askari. Mteja akigusa moja likapinda, moyo unaniuma.

Aliyenifundisha ni Mama Ozana, nesi mstaafu aliyekuwa msimamizi wa dawa pale dukani. Alikuwa mnene, mcheshi, na hakuwa na huruma na ujinga.

"Fidelis, umeyapanga vizuri kweli," aliniambia siku ya kwanza aliponikuta najivunia rafu. "Sasa niambie, lipi linaisha muda kwanza?"

Sikujua. Nilikuwa nimepanga kwa rangi.

"Basi umepanga maua. Toa yote."

Nikatoa yote. Tangu hapo kinachokaribia kuisha muda kinakaa mbele, kipya kinakwenda nyuma, hata kama rangi zinagombana. Akanifundisha pia kuacha nafasi ya mkono kati ya rafu na ukuta wa nje, kwa sababu ukuta wa Sumbawanga huloa kwa baridi na boksi linalougusa hunyonya maji kimya kimya. Akanifundisha kuangalia juu. Watu wa kwingine wakija huku wanasema mji wetu ni friji. Nje ni friji, sikatai, mwezi wa sita upepo unakata masikio. Ila ingia chini ya bati lisilo na dari saa nane mchana, jua la nyanda za juu limelipiga tangu asubuhi. Ni tanuri. Mama Ozana alitundika kipimajoto pale juu, si kwenye kaunta ambako bosi, mwenye duka, alitaka kionekane na wageni. "Dawa haikai kwenye kaunta," alisema. "Pima inapokaa."

Sasa nizungumzie inhela, ile dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo, maana ndiyo iliyonitoa kazini. Ni kikopo kidogo cha chuma ndani ya ganda la plastiki. Ndani ya kikopo kuna dawa na gesi inayoisukuma. Watu wanaiona ngumu kwa sababu ni chuma. Si ngumu hata kidogo. Joto likizidi, gesi inavimba, valvu inalegea, dawa inavuja bila mtu kusikia, na likizidi sana kikopo kinaweza kupasuka. Baridi kali nayo inaidhoofisha; asubuhi za Juni mwambie mgonjwa akipashe kikopo kwa viganja vyake kwanza, viganja tu, si moto. Isipotumika muda mrefu, ipulizwe hewani kabla ya kuitegemea. Ganda la plastiki lioshwe na likaushwe, kikopo kisioshwe. Na msithubutu kumwambia mtu atumbukize kikopo kwenye maji aone kama kinaelea ili ajue kimebaki kiasi gani. Nilifundisha watu hivyo mwaka mzima, nimesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Kuelea hakusemi kitu, na maji yanaziba tundu. Ziko zenye namba za kuhesabu mipulizo, zisomwe hizo. Tarehe ya kwenye boksi ni ya dawa iliyotunzwa vizuri. Iliyokaa vibaya imeshakufa, hata kama boksi linasema ina miaka miwili mbele.

Hayo yote, kasoro lile la maji, niliyajua. Nilijua na ya ziada. Ndipo akaja Bibi Skola.

Alitoka Msanzi, amekuja mjini kuuza maharage. Alikuwa na cheti cha hospitali cha mkwe wake, Leokadia, mke wa mwanawe mkubwa. Leokadia alikuwa ametoka kujifungua, hawezi safari. Bibi alikuwa mwembamba, kanga imefungwa kifuani kwa fundo la kazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii ndiyo yenyewe? Kadogo hivi?"

"Ndiyo yenyewe."

"Na hako ndiko kanarudisha pumzi?" Akakageuza mkononi kama yai. "Nielekeze vizuri, mimi ni mtu wa shamba. Kanakaaje? Nisije nikakaharibu, mtoto wa watu akafa mikononi mwangu."

Sikilizeni swali hilo. Mteja mmoja kati ya wengi mno, anauliza mwenyewe, anaomba kuelekezwa. Nami nikanyoosha shingo, nikamsomea boksi kwa Kiswahili changu cha kujifundisha: "Weka mahali pakavu, pasipo na jua."

"Pakavu, pasipo na jua," akarudia. "Basi?"

"Basi, bibi."

Akakafunga kwenye pindo la kanga, akaniombea baraka, akaenda zake. Nikalinyoosha boksi la jirani lililokuwa limepinda.

Nitakatisha hapa kidogo niwaambie jambo la juzi, kwa sababu ndilo lililonifanya nikae niandike. Kijana mmoja wa bodaboda hapa Milanzi, anayejua nilikuwa muuza dawa, alinifuata na kikopo cha vepu, ile sigara ya umeme. "Broo, mambo. Hii kitu inaisha muda?" Akasema ndani ni mafuta ya bangi, kaletewa na mshikaji. Alikuwa anaitunza chini ya kiti cha pikipiki. Mafuta yalikuwa yamegeuka kutoka rangi ya asali kuwa ya oili chafu, na yamevuja hadi kwenye uzi wa kukifungia. Nikamwambia ukweli: joto limeyalegeza yakavuja, mwanga na hewa vimeyageuza, na hata mapya ni haramu kisheria na hakuna anayejua kilichochanganywa humo. Katupe, pafu lako halina spea dukani.

"Kwa hiyo ningeiweka kwenye baridi, imesimama, gizani, ingedumu?"

Nilitaka kumpiga. Si kwa bangi yake. Kwa swali lake. Miaka yote niliyosimama kaunta, wagonjwa wa pumu walichukua inhela wakaitupia mfukoni, wakaiacha kwenye dashibodi, wakaiazimisha kwa majirani, na aliyeuliza inakaaje nilimjibu maneno manne. Huyu anaulizia sumu yake kwa makini kama mama anayeulizia chanjo. Nilikosa usingizi kwa hasira.

Turudi kwa Leokadia.

Ulifika wakati wa kupura maharage. Mnalijua vumbi la pale, linasimama uwanjani kama ukungu. Leokadia alikuwa anapepeta, pumzi ikambana. Bibi akakimbia kuileta inhela. Leokadia akapuliza, kikatoka kisauti cha mtu anayepiga funda la mwisho. Akapuliza tena, hakuna kitu. Jirani akampakia kwenye pikipiki, mtu mwingine kamshikilia kwa nyuma asianguke, wakamfikisha kituo cha afya, kisha akaletwa hospitali mjini. Alipona. Nalisema mapema ili msiendelee kusoma kwa hofu kama niliyokuwa nayo mimi. Lakini midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, na mtoto wake mchanga alibaki analia kwenye mkeka na hakuna aliyemkumbuka kwa muda.

Kaka yake Leokadia, anaitwa Deo, ana kibanda cha kuchomelea hapo Katandala. Alikuja dukani na kile kikopo mkononi, akakibamiza kwenye kaunta.

"Mmemuuzia dada yangu kopo tupu."

Nilikitazama. Ganda la plastiki lilikuwa limepinda upande mmoja kama mshumaa. Lilikuwa na rangi ya kahawia, na tundu la mdomoni lina masizi. Nikakiinua nikanusa. Moshi. Ule moshi wa kuni uliokaa, wa jikoni, ambao kila mtu aliyekulia Ufipa anaujua kuliko harufu ya sabuni. Palepale nikaelewa kila kitu.

Kwetu jikoni, juu ya meko, kuna kichanja. Ndipo panapokaa mbegu: mahindi yaliyochaguliwa, masuke ya ulezi, maharage ya msimu ujao. Moshi unafukuza wadudu, joto linafukuza unyevu. Nyumba ikikosa chakula watu watauza mbuzi, lakini kichanja hakiguswi. Ni pakavu kuliko mahali pengine popote nyumbani, na jua halijawahi kufika pale tangu nyumba ijengwe. Hata mama yangu ana kichanja. Nililala chini ya moshi huo utoto wangu wote, na siku Bibi Skola aliponiuliza sikukikumbuka, kwa sababu nilikuwa nasoma boksi.

Nilifungua mdomo nimwambie Deo. Bosi akatangulia.

"Kijana, dawa yetu ilitoka hapa nzima," alisema, anatabasamu. "Nenda kamuulize mama mkwe wake aliifanyia nini."

Hakusema zaidi. Hakuhitaji. Deo akachukua kile kikopo taratibu kama mtu anayeshika nyoka. Mnajua watu wanavyozungumza huku kwetu kuhusu bibi kizee, mkwe wake na pumzi iliyofungwa. Watu wa mbali wanatutania kwa mambo hayo ya uchawi, wanacheka kwenye mabasi, nasi tunakasirika. Halafu tukiwa wenyewe kwa wenyewe tunamchukua mwanamke aliyezeeka kwa kulima na tunamtwisha mzigo huohuo.

Nami nilisimama. Nilinyamaza na koti langu jeupe. Deo alitoka, nikalinyoosha boksi.

Mama Ozana alikuwa kwenye stoo, amesikia. Alinifuata.

"Kilinuka nini?"

"Moshi."

"Na wewe ulimwambia akiweke wapi?"

Nikamwambia. Alikaa juu ya katoni, akajifuta uso kwa kitambaa.

"Tumemwelekeza kichanjani," alisema. "Ningekuwa mimi ni yeye, ningeweka hapohapo."

"Bosi amesema tusiseme kitu, eti watatufungia duka."

"Bosi anaogopa duka kufungwa. Yule bibi je, anafungiwa nini?"

Habari zilitufikia haraka. Deo alikuwa ametangaza kwamba dada yake akitoka hospitali harudi Msanzi. Atamchukua yeye na mtoto. Mume wa Leokadia, mtoto wa kumzaa wa Bibi Skola, alikuwa amehamisha kitanda cha mama yake kwenye chumba cha nje. Majirani walikuwa wameacha kumwazima ungo.

Jumapili baada ya misa nikapanda gari kwenda Msanzi. Nilirudi mara mbili kuangalia kama nimefunga mlango wangu. Ya tatu nikajilazimisha kupanda.

Nilikuta wamekaa uani. Deo yupo, mume yupo, wazee wawili wa ukoo, na Leokadia mwenyewe amefika kwa ajili ya maongezi hayo, amejifunika blanketi, mtoto kifuani. Bibi Skola alikuwa amekaa peke yake karibu na mlango wa jikoni. Niliwaamkia. Nikasema mimi ndiye niliyeuza ile dawa.

"Umekuja kuchukua kopo lako?" Deo akauliza.

"Nimekuja kuona ilikaa wapi."

Bibi akainuka kabla sijaombwa kukaa. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea, akaniingiza jikoni, watu wakajaa mlangoni nyuma yetu. Akaninyooshea kidole juu. Kichanja kilikuwa cheusi, kinang'aa kwa masizi ya miaka. Katikati, kati ya mahindi ya mbegu, kulikuwa na kikapu kidogo cha ukindu, ndani yake kitambaa cheupe kilichokunjwa. Ndimo alimokuwa ameilaza, pamoja na mbegu za mwakani.

"Uliniambia pakavu," alisema. "Haya, nionyeshe pakavu kuliko hapa."

Nikaangalia juu, kwenye kile kikapu.

"Uliniambia pasipo na jua. Pasipo na jua, mjukuu! Ulitaka niiweke kaburini?"

Mtu mmoja mlangoni alicheka, kisha akajizuia. Bibi hakucheka.

"Nilikuuliza, 'Basi?' Ukasema, 'Basi, bibi.' Nimeshinda nao moto huu nikiogopa kuukoka sana usije ukarusha cheche, mimi nadhani namtunzia mtoto pumzi yake."

Niligeuka nikawaambia watu wote waliokuwa mlangoni. Nilisema kikopo kile hakitaki joto, kwamba juu ya meko dawa ilikuwa inavuja kila ugali ulipopikwa, kwamba bibi aliniuliza na mimi ndiye niliyemjibu nusu. Nilisema ameitunza kama nilivyomwagiza, neno kwa neno. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, na nilirudia sentensi moja mara kadhaa kwa sababu nilihisi sikuisema vizuri.

"Mbona dukani hukusema?" Deo akauliza. "Ulikinusa. Nilikuona ukikinusa."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kazi."

"Mshikaji," alisema, "wewe uliogopa kazi, mimi nimemwita mama wa watu mchawi mbele ya wazee."

Leokadia ndiye aliyemaliza maneno. Hakuwa na sauti, pumzi ilikuwa bado fupi. Alivuka uani taratibu, akamlaza mtoto kwenye mapaja ya Bibi Skola, akakaa kando yake kwenye mkeka. Mume akasimama bila kuambiwa, akaenda chumba cha nje, tukasikia kitanda kikiburutwa kurudi ndani.

Msidhani yakaisha vizuri. Neno lililotamkwa huku halirudi lote. Yuko jirani ambaye hadi leo akipewa maji na Bibi Skola anasema ameshiba. Deo anamwamkia, lakini anamwamkia akiangalia kando, kwa aibu. Na aliyelipanda neno lile, akitabasamu kwenye kaunta, yuko palepale anauza.

Jumatatu bosi alikuwa ananisubiri mlangoni. "Umekwenda kuliuza duka langu Msanzi," alisema. Nikavua koti. Nilitaka kulikunja vizuri, nikaliacha limekunjamana juu ya kaunta. Mama Ozana aliniambia, "Hatimaye umeacha kitu kimepinda." Naye hakukaa sana baada yangu.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, msinijie na vyeti. Hamjamwelekeza mtu kama mmesoma boksi tu. Boksi liliandikwa na mtu ambaye hajui kichanja ni nini, hajui bati letu, hajui kwamba chumba chenye kivuli nyumbani kwa mtu kinaweza kuwa ndicho chenye moto. Wewe unajua. Wewe umekulia humo. Ukijifanya hujui ili uonekane msomi, unauza chuma kitupu.

Siku hizi nauza mbegu za mboga hapa Milanzi, nazo zina tarehe na masharti yake. Simwambii mteja aziweke wapi mpaka kwanza nimemuuliza nyumbani kwake kuna wapi na wapi, na nisipoelewa namuuliza tena. Leokadia ana inhela mpya. Inakaa chumbani, mbali na jiko, ndani ya chungu cha udongo chenye kifuniko alichokichagua Bibi Skola mwenyewe, mahali ambapo mtu anaweza kunyoosha mkono gizani akaipata. Kichanjani zimebaki mbegu tu.